Shaba Chini ya Miiba

Kila neno lililomo humu ni la kweli. Kama kuna hata moja la kubandika, basi mvua ya kwanza ya Oktoba imkute Mzee Casimir katikati ya barabara ya Kakontwe, bila mwavuli, amebeba godoro kichwani. Hicho ndicho kiapo chake, na hakitoi hovyo. Hukitoa mara tatu nne tu kwa siku. Hugusa ulimi kwa kidole cha shahada, kisha hukielekeza kidole hicho juu, ili huko mbinguni nako wajiandae kuitwa mashahidi.

Kwa hiyo ni kweli tupu kwamba mwaka huu, kwenye avenyu ya Mipapai, komini ya Panda, mjini Likasi, mmea fulani wa miiba ulizaa matunda makubwa kama ngumi ya bondia. Ni kweli kwamba ndege aliyeonja tunda moja alishiba hadi akashindwa kuruka, akarudi kwao kwa miguu. Na ni kweli kwamba kwa ajili ya mmea huo watu wazima wenye wajukuu walichimba mashimo kumi na tisa kwa siku tatu, mengine sebuleni kabisa, huku mwenye mmea akiomba ardhi ifunguke immeze yeye kwanza.

Mzee Casimir ana miaka sitini na tisa. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia karakanani akisuka nyaya za mota za umeme. Alipostaafu, ule ufundi wa kusuka ulikosa kazi mikononi, ukahamia mdomoni. Leo ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza jinsi saa ya mkononi mwake ilivyomezwa na kambare na kurudishwa ikiwa bado inatembea.

Mkewe, Suzanne, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Michelle kwa jina la binti yao, ni mtu wa maneno machache. Alipokuwa na miaka kumi na sita alijifunza kushona kwa masista, na siku moja sista mmoja alimpakia mkate konfitiri, yaani jamu, ya frambuazi, tunda dogo jekundu, iliyotoka Ulaya ndani ya kopo. Kijiko kimoja tu. Tangu siku hiyo, kila alipoonja konfitiri ya nanasi, ya papai, ya mapera, Suzanne alitikisa kichwa na kusema, "Iko muzuri, mais haiko ile," yaani nzuri, lakini si ile. Miaka hamsini ya "haiko ile" ingemchosha hata mtakatifu. Casimir, ambaye kwenye utakatifu hajawahi kujiandikisha, aliapa kwa kidole na ulimi kwamba hatakufa kabla hajamlisha mkewe ile.

Basi Michelle, ambaye huenda Ndola kununua bidhaa na kurudi, akamletea babake miche mitatu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Muuza miche alikuwa amemweleza kwamba hiyo si frambuazi, wala si mûre, ile nyeusi yenye miiba. Ni mtoto wao. Waliozesha moja na nyingine, akazaliwa chotara mwenye utamu wa upande mmoja na ukubwa wa upande wa pili.

"Sawa na batoto bote ba Likasi," Casimir akafurahi. "Baba wa huku, mama wa kule, na mutoto ukimuuliza anasema iko wa Panda."

Akaipanda kando ya ukuta unaotenganisha uwanja wake na wa Barthélemy. Barthélemy naye ni mstaafu, wa machimbo ya mawe ya chokaa, mtu mrefu asiyeamini kitu mpaka akigonge kwa nyundo. Mimea ikakua, ikarefuka, ikatoa fimbo zenye miiba kama sindano za kushonea magunia. Ikaja Juni. Na Juni, kama ilivyo desturi, Likasi nzima hufyeka: nyasi, vichaka, chochote kinachoweza kuficha nyoka au kuleta moto hadi ukutani, kinalala chini. Casimir akafyeka magugu na fimbo zake pamoja, akafagia, akasimama mikono kiunoni, akajipongeza. Mvua iliporudi, fimbo mpya zikachipuka. Tunda? Hata ua hakuna. Juni iliyofuata akafyeka tena, safi zaidi.

"Casi," Barthélemy akamwita juu ya ukuta, "ile konfitiri tutakula na mukate, ao na koleo ndogo ya kutoa miiba mu ulimi?"

Ni Michelle aliyelifumbua, kwa simu.

"Papa, unaikata?"

"Mais oui, naikata. Niko muntu wa propre, wa usafi."

"Papa! Fimbo ya mwaka hii inakomaa tu. Mwaka wenye kufuata njo inazaa. Ikimaliza kuzaa inakufa, ile njo unakata. Weye unachinja kuku mbele ya kutaga!"

Casimir hakufyeka tena. Fimbo zikafika mita tatu, zikaanza kulala barabarani na kuwakamata wapita njia kwa mashati. Zilihitaji waya wa kuzishikilia. Na waya mzuri kuliko wote Panda ulikuwa palepale nyumbani: waya wa shaba, mnene kama kalamu, mita ishirini, zawadi ya wenzake wa karakana siku ya kustaafu. Tatizo lilikuwa moja dogo. Waya huo ulikuwa kamba ya Suzanne ya kuanikia nguo. Kila Jumatatu aliufuta kwa limau na majivu mpaka ung'ae kama pete ya ndoa, ndipo atandaze mashuka yake meupe, na wanawake wa avenyu walikuwa wakipita polepole kuutazama.

Jumapili moja, Suzanne akiwa kanisani, Casimir aliushusha, akautandaza mistari miwili juu ya nguzo fupi kando ya ukuta, akafunga fimbo na kuuficha waya nyuma ya majani. Mkewe aliporudi akakuta nguzo zake mbili za kuanikia zimesimama tupu.

"Wezi," Casimir akasema. "Wanne. Na imbwa yabo. Mumoja anachechemea."

Kule kuchechemea ndiko kulikomfanya Suzanne aamini, maana nani angebuni kitu kama hicho? Akapiga magoti akaomba. Aliomba mwaka mzima dhidi ya wezi wale, na hasa dhidi ya yule mwenye kuchechemea. "Bwana, umufunge na miiba," alikuwa akisema kila usiku kabla ya kuzima taa, huku Casimir, kitandani, akijifunika shuka hadi puani.

Agosti fimbo zikatoa maua meupe. Oktoba, matunda mia moja na nane. Casimir aliyahesabu kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Michelle alikuwa amemwonya: likiwa jekundu usiguse, ni kali, subiri liwe jeusi kama divai ya misa, ukiligusa lenyewe linakuangukia kiganjani. Siku nne au tano tu zilibaki. Alikuwa ameshaazima sufuria. Alikuwa ameshaosha chupa.

Jumanne akahesabu mia moja na saba.

Kwenye lango la uwanja alisimama Maman Adrienne, jirani wa upande wa pili, kiongozi wa kikundi cha maombi ya Jumatano. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama aliyelamba betri, na kwenye mdomo wa chini kulikuwa na punje moja nyekundu ya tunda.

"Maman Adrienne. Umekula?"

"Moja tu, papa. Nilisema nione. Iko mukali, Yesu wangu!"

Mtu mwingine angesema: mama, niachie matunda yangu, ni ya konfitiri. Lakini huwezi kumfokea mwanamke anayekuombea, na zaidi ya hapo, ukweli ulikuwa mfupi mno kwa asubuhi nzuri namna ile. Casimir akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama sikioni kwake.

"Unajua juu ya nini iko mukali? Chini ya hii miti kuko mukuba."

"Mukuba?"

"Shaba, mama. Shaba safi. Mizizi inaikunywa. Tunda ikiwa nyekundu, mukuba iko angali ndani. Ukikula moja, ulimi inageuka kijani. Ukikula mbili..." Akavua kofia kwa heshima ya marehemu. "Ikikuwa nyeusi njo mukuba imeshuka. Mais usiambie muntu."

Adrienne akatoa ulimi. "Iko kijani?"

"Bado kidogo."

Sasa, mahali pengine watu wangecheka, mambo yakaisha. Lakini hapa ni Likasi. Hapa mtoto ambaye hajajua kusoma tayari anajua ua lile dogo la zambarau linaloota kwenye vilima vya shaba ambapo hata nyasi zinakataa. Wachimbaji husoma mimea kama wengine wanavyosoma mabango. Mti mgeni, mwenye miiba, ambao haufanani na chochote, unaozaa matunda makali? Huo si mti. Huo ni barua.

Jumatano, katikati ya maombi, Maman Adrienne akasimama.

"Wapendwa, tumuombee papa Casimir. Siwezi kusema juu ya nini, aliniambia nisiambie muntu. Iko jambo ya mukuba, chini ya miti yake ya miiba, pembeni ya ukuta wa papa Barthélemy, mita mbili kutoka choo. Tufunge macho."

Hakuna aliyefunga.

Alhamisi asubuhi, Casimir alikuwa bado na mswaki mdomoni lango lilipogongwa. Alikuwa Pitshou, mchimbaji wa miaka arobaini, mabega kama mlango wa kanisa, mtaimbo begani, na watu wanne nyuma yake. Alivua kofia.

"Jambo yenu, papa. Tulisikia habari. Hatukukuja kwa fujo. Tunaomba tuone tu."

"Hakuna kitu ya kuona, mwanangu. Ni matunda."

Pitshou hakubisha. Alishika jani, akaligeuza. Alichota udongo, akanusa. Kisha akapiga goti chini ya fimbo, akaokota jiwe moja, akalipangusa kwa kidole gumba, na uso wake ukabadilika. Jiwe lilikuwa na madoa ya kijani. Na la pembeni yake pia. Mstari mzima wa mawe, kando ya ukuta, ulikuwa na machozi ya kijani.

"Papa," akasema polepole. "Hii nini?"

Casimir alijua hasa ni nini. Ulikuwa waya. Mwaka mzima bila limau wala majivu, mvua za msimu uliopita zilikuwa zimeuotesha ukungu wa kijani, na ukungu ule ulikuwa ukidondoka tone kwa tone juu ya mawe. Neno moja, "waya", na watu hawa wangeenda zao. Alifungua mdomo alitamke. Na hapo akamwona Suzanne, amesimama mlangoni mwa jikoni na beseni la sombe, majani ya muhogo, amenyoosha shingo kusikiliza.

"Malachite," mdomo wa Casimir ukajibu wenyewe, ukilitaja lile jiwe la kijani lenye shaba ndani.

Wale wanne wakapiga mluzi.

"Tuchimbe?" Pitshou akauliza, mtaimbo umeshashuka begani.

"Ngoja, ngoja, ngoja!" Casimir akasimama mbele ya fimbo amenyoosha mikono. "Munataka kuchimba mukia? Hii ni mukia tu. Mukuba iko sawa nyoka. Kichwa iko..." Akazungusha kidole, akitafuta mahali pa mbali. "Kule. Karibu na mupapai wa kwanza, mwisho wa avenyu."

Wakaenda mbio. Casimir akafuta jasho. Kufikia saa nne, shimo la kwanza lilikuwa limeanza. Kufikia mchana mwenye mpapai alikuwa amewafukuza na anachimba mwenyewe. Waliorudi kumuuliza Casimir aliwaambia nyoka amejikunja, tumbo liko kwa fundi cherehani. Fundi cherehani akachimba. Aliyetoka kwa fundi cherehani aliambiwa kuna nyoka wa pili, jike. Ijumaa jioni mashimo yalikuwa kumi na nane. Mama mmoja alihamisha kitanda. Wakaazi wawili ambao hawakusalimiana tangu Krismasi walipatana ili wachimbe mpakani. Vyepeo viliadimika Panda nzima, watu wakachimba kwa masufuria, na usiku hakuna aliyetembea bila fimbo ya kupapasia, maana avenyu ilikuwa na matundu kama chujio.

Na Casimir? Aibu ilimshika, ndiyo, lakini ilimshikia mlangoni tu. Ndani alikuwa anacheka mpaka anauma mto. Tena matunda yalikuwa yanaanza kuiva. Ishirini yalishageuka meusi. Siku mbili zaidi, alijisemea, Bwana, siku mbili tu, kisha nyoka huyu wa shaba nitamhamishia mbali, kule Buluo.

"Papa Michelle," Suzanne akamwambia wakati wa bukari, ugali wa jioni, "kama mukuba iko, juu ya nini hutaki bachimbe hapa kwetu? Tungepata hata kipande ya kufanya waya. Nguo zangu zinaangukaka kila siku na hii kamba ya katani."

Casimir akaliteremsha tonge kwa maji.

"Itakuja, Mama Michelle. Waya itakuja."

Mtu mmoja tu hakuchimba. Barthélemy alizunguka avenyu nzima mikono nyuma, akichungulia shimo baada ya shimo kama daktari wa meno. "Minye nilivunja majiwe miaka makumi tatu," alikuwa akisema. "Hapa hakuna kitu. Huyu Casimir munamujua, ni muongo tangu tumbo la mamake." Lakini Jumamosi alfajiri alionekana na beseni la udongo, na alipoulizwa alijibu kwamba anachimba shimo la taka. Shimo la taka lenyewe lilikuwa chini ya ukuta kabisa, upande wa pili wa ile miti, na lilikuwa linaingia ubavuni badala ya kwenda chini.

Saa mbili asubuhi, Casimir alikuwa anahesabu meusi. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Alipofika sitini, ardhi chini ya miguu yake ikasema *du*.

Akasimama. *Du, du.* Nguzo ya mwisho ikainama taratibu kama mzee anayetafuta kiti. Mistari miwili ya fimbo ikaegemea upande, na ncha zake ndefu zikaanguka kwenye udongo. Kisha, katikati ya mizizi, chepeo kikachomoza kutoka ardhini, kikafuatwa na kofia, na chini ya kofia, Barthélemy, mweupe kwa vumbi kama siku zake zote za machimboni.

"Ah," Barthélemy akasema. "Casi. Uliamka muzuri?"

Casimir hakupata muda wa kujibu. Mtu alikuwa amepiga kelele barabarani, "Papa Barthélemy amefika ku mukuba!" na lango likafunguka kana kwamba halikuwahi kuwa na kitasa. Pitshou mbele, mtaimbo juu, avenyu nzima nyuma, na beseni, na magunia, na Maman Adrienne akiimba.

"Papa, samahani, mais zamu ni ya kwetu!" Pitshou akanyanyua mtaimbo juu ya mizizi.

Casimir akajirusha. Miaka sitini na tisa, akajirusha kama kipa, akatua kifudifudi juu ya mizizi, na miiba ikampokea kwa mikono yote. Ilimshika suruali, ikamshika kola, ikamchoma kisigino.

"Simameni! Ni uongo! Mukuba haiko! Nilisema uongo!"

Wakatazamana. Kisha kicheko kikubwa.

"Ah, papa," Pitshou akasema kwa upole, "sasa njo unasema uongo."

"Kweli! Haki ya Mungu!" Alijaribu kugusa ulimi kwa kidole, mkono ukakataa kutoka kwenye miiba.

"Anataka kubakia na yote peke yake!" mtu akapaza sauti.

"Na majiwe?" Pitshou akaonyesha. "Majiwe iko kijani. Uongo inapakaa majiwe?"

Casimir aliinua kichwa. Juu yake, matunda sitini meusi yaliyumba, yaliyoiva, yaliyojaa, yakimgusa karibu na pua. Kule katikati ya umati alisimama Suzanne, na kitambaa cha jikoni begani. Alimtazama Suzanne. Alitazama matunda. Mtaimbo ukapanda tena. Akawaza kijiko kimoja cha miaka hamsini, akafumba macho, akang'oa mkono wake wa kulia kutoka kwenye miiba pamoja na nusu ya mkono wa shati, na akasukuma majani pembeni.

"Ni waya," akasema. "Waya njo inalia kijani."

Pitshou akashusha mtaimbo. Akakwaruza waya kwa ukucha. Chini ya ukungu, ukang'aa mwekundu.

Suzanne alipita katikati ya watu, wakimpisha wenyewe. Akafika kwenye nguzo iliyoinama, akapapasa mwisho wa waya, akakuta fundo. Lilikuwa fundo lake. Na kipande cha kitenge chake cha bluu, alichokifunga mwenyewe ili asisahau upande wa kuanzia kufuta.

"Wezi banne," akasema.

"Mama Michelle..."

"Na imbwa."

"Sikia, Mama Michelle, ilikuwa juu ya konfitiri..."

"Na mumoja anachechemea."

Pitshou na Barthélemy wakamnyanyua Casimir kutoka kwenye miiba, mmoja kwapa hili, mwingine lile, wakamsimamisha. Alijaribu kukanyaga. Kisigino chenye mwiba kikakataa. Akachukua hatua mbili mbele ya mkewe, hop, hop, akichechemea.

Suzanne akatazama mguu. Akatazama miiba iliyoning'inia kwenye suruali. Akatazama juu.

"Bwana," akasema, "nilikuomba umufunge. Umemufunga."

"Ushuhudaaa!" Maman Adrienne akapiga kelele, na uwanja mzima ukalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakaangukia mashimoni. Fundi cherehani alitolewa kwa kamba. Barthélemy alicheka mpaka akateleza tena ndani ya handaki lake hadi kiunoni, udongo ukawa unamdondokea, naye hajali. Na Suzanne, mtu wa maneno machache, alijifunika uso kwa kitambaa cha jikoni, mabega yakitikisika, na muda mrefu Casimir hakujua kama analia au anacheka, mpaka kitambaa kiliposhuka.

"Chuma," akamwambia. "Mbele yule ndege wako hajarudi na miguu."

Akachuma. Konfitiri ilichemka mchana huohuo, na ikajaza chupa moja tu, tena si hadi juu. Suzanne alipaka kijiko kimoja kwenye mkate, akatafuna amefumba macho. Casimir alisubiri akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Haiko ile," Suzanne akasema.

Akapaka tena. Akatafuna.

"Haiko ile, hata kidogo." Kisha akafunga kifuniko, akaifungia chupa kabatini, na ufunguo akautia shingoni, pamoja na msalaba.

Likabaki deni. Kwenye avenyu ya Mipapai kuna sheria ya zamani, na kwa bahati mbaya aliyeipendekeza zamani hizo alikuwa Casimir mwenyewe: mwanaume akikamatwa na uongo mbele ya watu watatu, anasonga bukari ya wote aliowadanganya, hadharani, amevaa kitenge cha mkewe. Mashahidi safari hii hawakuwa watatu. Jumamosi iliyofuata, mbele ya lango, mafiga matatu yakasimamishwa, sufuria ya harusi ikaazimwa, na Casimir, kitenge chenye tausi kiunoni, akashika mwiko mrefu kama kasia. Nyuma yake, kati ya zile nguzo mbili za zamani, waya wa shaba ulikuwa umerudi mahali pake, uking'aa. Yeye ndiye aliyeufuta, kwa limau na majivu, na sasa kila Jumatatu ni zamu yake. Fimbo zimefungwa kwa kamba ya katani.

Watu zaidi ya hamsini walikaa na sahani mapajani. Na huku anasonga, mdomo ukaanza kumwasha.

"Haki ya Mungu," akaanza kumsimulia mgeni mmoja aliyetoka Kakontwe, "matunda ilikuwa makubwa sawa ngumi ya bondia..."

"Casi," Barthélemy akakohoa kutoka kwenye kiti chake. "Ngumi ya nani?"

Mwiko ukapunguza mwendo. Suzanne alikuwa amesimama kando ya gunia la unga, amekunja mikono.

"Ya mutoto," Casimir akasema.

"Wa miaka ngapi?"

"...Kidole gumba. Ilikuwa sawa kidole gumba."

Suzanne akachota unga bakuli moja zima, adhabu ya uongo huo, akamwaga ndani ya sufuria. Bukari ikawa nzito zaidi, mwiko ukaanza kulia.

"Na yule ndege?" Pitshou akauliza, mdomo umejaa sombe.

"Aliruka."

Bakuli la pili.

"Na kambare na saa?"

"Ile ya kambare iko kweli!" Casimir akatazama gunia, akamtazama mkewe, jasho likimtiririka hadi kwenye tausi. "Haikukuwa kambare. Niliisahau mu karakana."

Bakuli la tatu. Avenyu ikapiga makofi.

"Na mashimo makumi moja na tisa?" akauliza yule mgeni, aliyeanza kuchoka kudanganywa.

Hapo hakuna aliyecheka. Wote waligeuka, wakaitazama barabara na milango iliyo wazi kandokando yake, mashimo kumi na tisa kwa jumla, toka mpapai wa kwanza hadi wa mwisho.

"Ile iko kweli," Barthélemy akasema. "Na ni weye, Casi, utayajaza. Mais usijaze na udongo peke yake. Nimeona zile fimbo zilianguka mu udongo yangu. Ncha zikilala mu udongo zinaota mizizi. Kila shimo, mutoto mumoja wa ile miti. Na langu la kwanza."

"La taka?" Casimir akauliza.

Barthélemy akatazama sahani yake. "Halikukuwa la taka," akakiri, na Suzanne akamnyooshea na yeye mwiko wa pili.